Kicheko cha Kashasha hakikuwa cha kuchekesha

Najua nimewatupa. Karibu miezi miwili sijaandika kitu hapa, na wengine mmeshanitumia ujumbe kuuliza kama nimeolewa. Hapana jamani. Nilikuwa Muleba kwenye BTP, yale mazoezi ya kufundisha ambayo sisi watu wa ualimu tunatawanywa mashuleni, tunashika chaki, na msimamizi anatokea siku ile ile ambayo andalio la somo hujaliandika. Juzi nimerudi chuoni na mfuko wa kahawa ya kutafuna, sauti imekauka, na habari moja ambayo haijaniacha nilale vizuri.

Leo mnivumilie, itakuwa ndefu. Ni habari ya historia, ila katikati tutapita kidogo kwenye baiolojia. Msikimbie, hata mimi baiolojia ya kidato cha nne ilinitoa jasho.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa pili, kwenye kipindi cha saikolojia ya elimu, mhadhiri mmoja alitutania sisi wa Kagera. Akasema huko kwenu mwaka 1962 watu walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka machozi. Wenzangu wakaanza kuniita "Miss Kashasha". Nikaona ni sifa tu, si mnajua utani wa chuo.

Sasa njoo BTP. Shule sitaitaja, na wala msinitafute niitaje. Ilikuwa Kidato cha Pili, wiki moja kabla ya mitihani ya muhula. Nipo ubaoni, msichana mmoja wa dawati la nyuma akaanza kucheka. Nikamwambia anyamaze. Akacheka zaidi, halafu kicheko kikageuka kilio, halafu kikarudi kicheko. Jirani yake akaanza kutetemeka. Mpaka saa nne ya mapumziko walikuwa wanne. Mmoja wa walimu akaja na fimbo, anasema hao wanakwepa mtihani. Mwingine akasema ni mapepo, aitwe mtu wa maombi. Na mimi, madam wa field, unajua nilifanya nini? Nilicheka. Sikucheka kwa dharau, nilicheka kwa woga, kile kicheko kinachokutoka ukiwa hujui la kufanya. Yule msichana wa kwanza akaniangalia, macho yamejaa maji, akasema, "Madam, hatuchezi. Kichwa hakitulii."

Jioni nikaenda kwa bibi yangu, si mbali na pale. Nikamsimulia, nikategemea atacheka. Bibi hakucheka. Akaendelea kumenya ndizi zake, kisha akasema neno moja tu la Kihaya: "Akajanja." Wazimu. Nikamuuliza, bibi ndiyo ile ya Kashasha? Akasema, "Mjukuu wangu, ile haikuwa ya kucheka." Basi, akaomba nimpe sufuria.

Niliporudi chuoni kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta nini hasa kilitokea. Na ndugu zangu, tulichokuwa tunachekea ukumbini siyo kilichotokea.

Turudi nyuma. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi. Siku nane baadaye, tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa ikiendeshwa na misheni kijijini Kashasha, wanafunzi watatu wakaanza kutenda mambo yasiyo ya kawaida. Wakati huo Muleba haikuwa wilaya inayojitegemea, yote ilikuwa Wilaya ya Bukoba. Kashasha ilikuwa kama maili 25 kutoka mjini Bukoba.

Shule ilikuwa na wasichana 159, wa umri wa miaka 12 hadi 18. Mpaka tarehe 18 Machi, 95 kati yao walikuwa wameshikwa. Piga hesabu: karibu 60 katika kila 100. Siku hiyo shule ikafungwa. Ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei, na wasichana wengine 57 wakashikwa. Mwisho wa Juni ikafungwa mara ya pili.

Walimu walikuwa watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu. Hakuna hata mmoja aliyeshikwa. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Wasichana walipopelekwa nyumbani, jambo lile likaondoka nao. Kama siku kumi baada ya shule kufungwa lilitokea Nshamba, ambako baadhi ya wasichana hao walikuwa wanatoka. Kati ya Aprili na Mei watu 217 wakapata, katika eneo lenye watu kama 10,000. Wengi walikuwa vijana na watoto wa shule, wa kike kwa wa kiume. Mwezi Juni likafika shule ya wasichana ya Ramashenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba, likawashika 48 kati ya 154, nayo ikafungwa. Msichana mmoja wa Ramashenye akarudi kwao Kanyangereka, na huko wa kwanza kushikwa walikuwa ndugu zake wa nyumba moja. Shule mbili za wavulana za upande huo nazo zikafungwa.

Haya yote tunayajua kwa sababu madaktari wawili, A.M. Rankin na P.J. Philip, waliandika ripoti iliyotoka mwaka 1963 kwenye jarida la Central African Journal of Medicine. Ni ripoti fupi, na ukiisoma kwa makini utani wote unakwisha.

Kwanza, hakuna mtu aliyecheka mwaka mzima. Mwili wa binadamu hauwezi. Kicheko au kilio kilikuja kwa vipindi, dakika chache au saa chache, kikakatika, kikarudi. Kwa mtu mmoja hali hiyo ilidumu kuanzia saa chache hadi siku 16. Kilichoendelea kwa miezi ni ule msururu wa watu, huyu akipona mwingine anaanza.

Pili, kucheka ilikuwa dalili mojawapo tu. Walikuwa wanalia, wanahangaika, hawatulii, na ukijaribu kuwashika kwa nguvu wanapambana. Na kuna sehemu imenikaa moyoni: wagonjwa waliweza kusema kuwa kuna vitu vinatembea kichwani mwao, na kwamba wanaogopa kuna mtu anawakimbiza. Nilipofika hapo nikafunga laptop. Nikamkumbuka yule mtoto wangu wa Kidato cha Pili. Kichwa hakitulii.

Mwaka 2007 Christian Hempelmann, mtaalamu wa taaluma ya vichekesho, aliandika makala nzima kwenye jarida la Humor akisisitiza hilo hilo, kwamba tukio hili halikuwa na uhusiano na kitu cha kuchekesha. Imebidi mtaalamu wa vichekesho ndiye atuambie tuache kucheka!

Sasa madaktari walifanya nini? Walifanya kazi yao. Walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakatafuta vijidudu. Homa hakuna. Wakafikiria sumu kwenye chakula, hawakuipata. Walichokiona kwa macho ni mboni za macho zilizopanuka na miguu na mikono inayoruka kupita kawaida ukigonga mishipa yake kwa kinyundo, basi. Hakuna aliyekufa. Wakahitimisha kuwa ni histeria ya kundi, ile hali ambayo siku hizi inaelezwa kama ugonjwa unaoanzia kwenye hofu na kuambukizana kwa kuona na kusikia, bila kijidudu. Wenyeji walikuwa wameshaipa majina yao: enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na akajanja, lile neno la bibi.

Na haikuwa Kashasha peke yake. Mwaka 1963 kulitokea mambo ya namna hiyo Uganda, huko Kigezi na Mbale. Mbale ilikuwa ya kukimbia, watu wanakimbia ovyo. Daktari Benjamin Kagwa aliyaandika yote mwaka 1964 kwenye East African Medical Journal, akaiweka Bukoba pamoja na hizo za Uganda.

Hapa ndipo watu wengi wanapomalizia. Vipimo havikuonyesha kitu, kwa hiyo hawakuwa wanaumwa, kwa hiyo walikuwa wanaigiza. Yule mwalimu wa fimbo alifikiri hivyo hivyo. Ndiyo maana nataka tuingie kwenye baiolojia, maana nadhani kosa letu lipo pale kwenye "vipimo havikuonyesha kitu". Swali ni hili: mwaka 1962 nani alikuwa na kipimo cha kuonyesha hofu iliyojifunza njia yake ndani ya ubongo?

Twende polepole. Ubongo wa mtu una seli za neva kama bilioni 86. Seli moja inaweza kuongea na maelfu ya wenzake. Lakini hazigusani kabisa, kati yake kuna kinafasi kidogo sana. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Sherrington alikipa kiungio hicho jina ambalo kwa Kiswahili tunalitamka sinapsi. Umeme ukifika mwisho wa seli ya kwanza, kemikali inamwagwa kwenye kile kinafasi, mara nyingi ni glutamati. Upande wa pili kuna vipokezi, kama mikono iliyonyooshwa, vinaidaka. Mikono ikiwa mingi, ujumbe unasikika kwa nguvu. Ikiwa michache, ujumbe unafifia. Hiyo ndiyo maana ya nguvu ya kiungio.

Mwaka 1949 Donald Hebb wa Canada aliandika kitabu kinachoitwa The Organization of Behavior. Alitoa wazo hili: seli moja ikishiriki mara kwa mara kuiamsha nyingine, kiungio kati yao kinaimarika. Sisi wa migombani tunalielewa bila shida. Njia ya kwenda kisimani haikuchorwa na mtu, miguu ndiyo imeichora. Inayopitwa kila siku inapanuka, isiyopitwa inaota majani.

Wazo zuri, lakini mwaka 1949 lilikuwa wazo tu, hakuna aliyekuwa ameona kiungio kikiimarika hivyo kwa muda mrefu. Sasa angalia miaka. 1949, wazo la Hebb. 1962, Kashasha. Mwaka 1966, kule Oslo, Terje Lømo akaona kwa sungura kwamba ukizisisimua neva za sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi kwa mfululizo wa haraka, viungio vinabaki na nguvu zaidi hata baada ya kuacha kuvisisimua. Mwaka 1973 yeye na Tim Bliss wakachapisha matokeo kamili. Ni miaka 11 baada ya wasichana wa Kashasha kusema kuna vitu vinatembea kichwani. Kwa hiyo Rankin na Philip wasingeweza kuona kitu cha aina hiyo, hata wangekuwa hodari namna gani. Na hata leo kipimo cha damu au cha maji ya uti wa mgongo hakikuambii ni viungio gani vya ubongo wa mtu vimeimarika na vipi vimelegea.

Lakini wazo la Hebb lina tatizo, na tatizo lenyewe ndilo lililonifanya niandike makala hii. Fikiria kipaza sauti cha harusini kikisogezwa karibu na spika. Sauti kidogo inaingia, inakuzwa, inatoka, inaingia tena, inakuzwa tena, mara unasikia ule mluzi wa kupasua masikio. Kiungio kikiimarika seli inaamka kirahisi zaidi, ikiamka zaidi kiungio kinaimarika zaidi. Kama hakuna breki, ubongo mzima ungeishia kwenye mluzi, kitu kama degedege la kifafa. Na ukienda upande wa pili, kiungio dhaifu kinazidi kudhoofu mpaka seli inanyamaza kabisa. Mbona haitokei hivyo kwa wengi wetu?

Jibu kubwa lilikuja mwaka 1998. Gina Turrigiano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, walikuza kwenye visahani seli za gamba la ubongo wa panya. Visahani vingine wakaviwekea dawa ya kuzinyamazisha seli. Baada ya siku mbili wakakuta seli zimeongeza nguvu ya viungio vyake, kama mtu anayeongeza sauti ya redio kwa sababu hasikii. Vingine wakaviwekea dawa ya kuondoa kizuizi, seli zikaanza kupiga kelele sana. Waliposubiri siku mbili, kelele zilikuwa zimerudi karibu na kawaida, dawa bado imo humo humo, na viungio vimepunguzwa nguvu. Kwa lugha yangu, seli inajua sauti yake ya kawaida, ikizidishiwa inapunguza, ikipunguziwa inaongeza. Hakuna anayeiamuru kutoka nje.

Kilichonifurahisha mimi kama mwalimu ni namna inavyopunguza. Haifuti. Inazidisha viungio vyote kwa kiasi kimoja. Chukua wanafunzi watatu wenye alama 80, 60 na 40. Zote zizidishe kwa nusu, unapata 40, 30 na 20. Jumla imeshuka, lakini wa kwanza bado ni wa kwanza, na wa pili bado alimshinda wa tatu kwa uwiano ule ule. Maana yake seli inaweza kutulia bila kusahau ilichojifunza. Nilipoelewa hilo nilipiga meza, mwenzangu wa chumbani akadhani nimepata mkopo.

Kuna na mambo ya usingizi. Watafiti Giulio Tononi na Chiara Cirelli walipendekeza kwamba mchana tunapojifunza viungio vingi vinaimarika, na usiku usingizi unavirudisha chini ili kesho pawepo nafasi. Mwaka 2017 wao na wenzao wakachapisha vipimo vya sinapsi karibu 7,000 za ubongo wa panya zilizopimwa kwa darubini ya elektroni. Baada ya kulala, eneo ambalo seli na seli zinakutana lilikuwa limepungua kwa wastani wa asilimia 18 kulinganisha na panya waliokaa macho. Na zile sinapsi kubwa kabisa hazikupungua hivyo. Kwa hiyo mnaokesha na kahawa wiki ya mtihani, mimi nikiwemo, tuitafakari hiyo.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi Kashasha ilisababishwa na sinapsi kuharibika, au kwamba ilikoma kwa sababu seli zilijipunguza. Hakuna mtu aliyepima ubongo wa wale wasichana. Panya wa kwenye kisahani si binti wa miaka 14 bwenini, na kundi la watu si kundi la seli. Ninachosema ni kidogo zaidi, ila kwangu ni kizito. Tunajua sasa kwamba mambo tunayopitia yanabadilisha ubongo kweli kweli, kwa vitu halisi, kwa vipokezi kuongezwa na kupunguzwa. Hofu iliyorudiwarudiwa ni kitu kilichomo mwilini. Kwa hiyo sentensi ya "hana ugonjwa, anaigiza" haina msingi hata kidogo. Kati ya kijidudu na maigizo kuna nafasi kubwa, na wasichana wa Kashasha walikuwa humo. Na kipimo pekee kilichoweza kufika humo mwaka 1962 kilikuwa maneno yao wenyewe. Heri wale madaktari waliyaandika.

Pili, nawarudisha kwenye lile la walimu watano ambao hawakushikwa. Ripoti ilitaja kuwa watu wazima wenye elimu na nafasi hawakupata. Wengine wamelisoma hilo kama kwamba wajinga ndio hushikwa. Mimi nalisoma tofauti. Mwalimu akichoka anafunga mlango wa nyumba yake. Anaweza kuondoka. Mtoto wa bweni analala, anakula, anasoma na anaogopa mahali pamoja na wenzake 158, kengele hadi kengele. Hempelmann amewahi kueleza kwamba nchi ilikuwa mpya na wanafunzi walikuwa chini ya matarajio makubwa ya walimu na wazazi. Fikiria familia ambayo imemtoa binti mmoja tu kwenda shule mwaka ule. Huyo binti hana mahali pa kupunguzia sauti.

Hapo ndipo picha ya seli inanisaidia, kama picha tu, kama tunavyotumia chungwa kueleza dunia. Kila mfumo unaokuza sauti unahitaji mahali pa kuipunguza, la sivyo unapiga mluzi. Shule ni mfumo wa kukuza: mitihani, nafasi darasani, matokeo yanabandikwa ukutani. Breki yake iko wapi? Siku ile Muleba, fimbo ingekuwa kuongeza sauti. Maombi ya kelele mbele ya shule nzima, watu 300 wamezunguka wanatazama, nayo ni kuongeza sauti, hata kama nia ni njema. Na kicheko changu mimi mwenyewe kiliongeza sauti.

Kilichofanyika baadaye ni kidogo sana. Matron, mama mtu mzima, ndiye aliyeokoa jahazi. Alinivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, punguza watu hapa." Basi. Tukawatoa wengine wote uwanjani wakacheze mpira wa pete. Wale wanne tukawatenganisha, wawili chini ya mwembe, wawili chumbani kwa matron. Maji, kivuli, hakuna kuwauliza maswali mengi. Mganga wa zahanati akaitwa awaangalie, maana hilo lazima lianze, homa ya malaria nayo inaweza kumchanganya mtoto na huku kwetu malaria si ya kupuuza. Hawakuwa na malaria. Jioni watatu walikuwa wametulia. Wa nne, yule wa kwanza, alihitaji siku tatu. Siku ya tatu alikuja kukaa na mimi kwenye ngazi za ofisi, akaniambia nyumbani wameuza mbuzi kwa ajili ya ada, na babake amemwambia akifeli asirudi. Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha.

Mnaona? Hakukuwa na mtu aliyemuuliza. Ningempeleka kwenye fimbo, ningekuwa nimeongeza jambo la pili juu ya lile la kwanza.

Nilimwomba msamaha kwa kucheka. Hilo nilijifunza siyo chuoni, nilijifunza kwa bibi, kwa ule ukimya wake na ndizi zake. Mtoto akashangaa, mwalimu anaomba msamaha! Akasema, "Haina shida, madam. Hata mimi sikujua nacheka nini."

Ndugu zangu tunaosomea ualimu, kuna siku utakuwa ubaoni na jambo hili litatokea. Likitokea usikimbilie kuuliza nani anaigiza. Uliza sauti imepandishwa wapi, na wewe unaweza kuipunguza vipi. Na kama uko Kagera na mtu akakuchekesha kuhusu Kashasha, mwambie namba: wasichana 159, walioshikwa 95 mpaka Machi, walimu watano na hakuna aliyeshikwa. Halafu mwambie kile walichosema wenyewe, vitu vinatembea kichwani. Mwone kama ataendelea kucheka. Wale wasichana, walio hai, leo ni mabibi wa zaidi ya miaka 70. Inawezekana mmoja ndiye anayekuuzia nyanya pale sokoni Muleba.

Mimi jina la "Miss Kashasha" nimewaambia wenzangu walifute. Wamekubali, ingawa mmoja bado ananiita akidhani sisikii.

Kwa leo niishie hapa, kesho saa moja na nusu asubuhi nina mtihani wa majaribio wa mbinu za kufundishia na sijasoma hata ukurasa mmoja. Nitalala kwanza, panya wamenishawishi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawasimulia ya msimamizi aliyenikuta nafundisha somo ambalo halipo kwenye andalio.

Siku njema wapendwa.